Milonga Haimo Kwenye Damu

Katika toleo lililopita ndugu yetu mmoja alijaza kurasa mbili nzima kutuambia kwamba milonga, ile ngoma ya Buenos Aires inayochezwa siku hizi karibu kila mji mkubwa wa Ulaya, ni mali ya Waafrika, kwamba sisi hatuna haja ya kufundishwa na mtu, na kwamba anayetaka kuicheza aachie kiuno tu, damu itamalizia. Vijana wetu wameyasoma hayo na wameyapenda. Katika sherehe ya jumuiya mwezi uliopita wakapanda jukwaani jozi nne, wakaachia viuno kweli kweli, ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Mimi sikupiga makofi, na wapo walioniuliza kama nimeanza kuona haya Uafrika wangu. Jibu langu ni hili hapa. Kwa kuwa mimi ni mhandisi wa mitambo, mtanivumilia nikitia hesabu kidogo.

Nianze na aliyosema kweli, maana yapo. Jina lenyewe ni letu, au tuseme la binamu zetu. Katika Kimbundu cha Angola, mulonga ni neno, na wingi wake, milonga, ni maneno, hata mabishano. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi hapo. Sisi nasi hulonga. Waliovusha neno hilo bahari hawakwenda kwa hiari yao. Meli za watumwa zilizotia nanga Río de la Plata zilitoka Luanda na Benguela, na nyingine, hasa mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, zilitoka upande wetu huu, Msumbiji. Hesabu ya watu ya Buenos Aires ya mwaka 1778 ilikuta karibu watu 3 kati ya kila 10 ni Weusi au machotara. Ng'ambo ya pili ya mto, Montevideo, ngoma za kandombe zinapigwa mitaani mpaka leo, na mwaka 2009 UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa binadamu, mwaka ule ule ilipoingiza tango (sisemi la kachumbari). Rosendo Mendizábal, mpiga piano aliyetunga "El entrerriano" mwaka 1897, alikuwa mtu Mweusi. Anayefuta haya anafuta watu, na mimi simo katika kazi hiyo.

Lakini ndugu yetu alipotoka kwenye jina akarukia miguuni, hapo ndipo tulipoachana. Mwaka 1883 Ventura Lynch aliandika kwamba milonga ilikuwa ngoma ya vijana wa mitaani wa Buenos Aires, wale wahuni watanashati, na kwamba waliianzisha kwa kuigiza na kudhihaki ngoma za Weusi katika kumbi zao. Ndiyo kusema ilipita mikononi mwa watu waliokuwa wakitucheka. Wakaichanganya na polka, na habanera iliyotoka Kuba, na ule mtindo wa Ulaya wa mwanamume na mwanamke kushikana uso kwa uso. Tena milonga hii ya mjini tunayoicheza sisi, yenye kasi na mdundo wa kuchezeka, ilipata umbo lake mwaka 1931 tu, Sebastián Piana alipotunga muziki wa "Milonga sentimental" na Homero Manzi akauandikia maneno. Ni mdogo kuliko marehemu babu yangu. Sasa unaniambia imo kwenye damu yangu, iliingiaje? Kwa njia ya redio?

Na kama tunataka kwenda kwa maneno ya Kibantu, basi twende mpaka mwisho. Katika Kikongo, longa ni kufundisha, na longoka ni kujifunza. Ndugu yetu alichagua binamu mmoja akamwacha mwingine mlangoni.

Tuje kwenye kiuno. Tangu lini kiuno kimekuwa kipimo cha Uafrika? Mimi nimezaliwa pwani. Chakacha naijua, na najua ni ngoma ya akina mama, ina mahali pake na saa yake. Lakini pwani hiyo hiyo ina lelemama, wamama wamejipanga mstari, wamevaa sare, mwili umetulia, kinachosema ni mkono na shingo tu, na asiyejua anadhani hawachezi. Nani atathubutu kuwaambia wale wamama si Waafrika wa kutosha? Hata baba zetu katika kumbi za dansi za Dar es Salaam na Morogoro, enzi za Salum Abdallah na Cuban Marimba, walipocheza rumba walicheza kwa utulivu, shati limechomekewa, viatu vinang'aa, bega halipandi. Mtaalamu wa Marekani Robert Farris Thompson, aliyeandika kitabu kizima mwaka 2005 juu ya tango na asili yake ya Kiafrika, miaka mingi nyuma alikuwa amekwisha kuandika kwamba alama kubwa ya ngoma zetu ni ubaridi: uso mtulivu, na goti lililolegea. Goti, jamani. Sasa angalieni picha za sherehe yetu: viuno vinazunguka na magoti yamekazwa kama miguu ya meza. Kile kilichotoka kwetu kweli ndicho tulichokiacha nyumbani, tukapanda jukwaani na kile ambacho Mzungu anategemea kukiona kwetu.

Haya, milonga ni kitu gani basi? Ni kutembea. Watu wawili wanatembea wakiwa wamekumbatiana, ndani ya duara la watu wengine wanaotembea, wote wakienda kinyume cha mshale wa saa, karibu kila pigo na hatua yake. Haina yale mapumziko marefu ya tango ambapo mwanamume anasimama akawaza. Kwa sababu haisimami, kosa halina mahali pa kujificha. Hatua iliyokosewa inafuatwa na nyingine kabla hujaomba radhi. Kwa hiyo jambo la kwanza si mguu. Jambo la kwanza ni mwili umeelekea wapi.

Mwili una sehemu mbili zinazoelekea: kifua na nyonga. Kifua kina kazi moja, kumwelekea mwenzio. Hakigeuki kuangalia watazamaji, hakigeuki kutafuta meza ya marafiki. Vifua viwili vinakabiliana, vimeachana kidogo upande wa mikono iliyoshikana, kama mlango ulioachwa wazi kiasi cha kupitisha paka, na upande wa pili, ambako mkono wa mwanamume umezunguka mgongo wa mwenzake, vimefungana. Nyonga zinafuata njia. Penye hatua ya kukatiza mbele, nyonga zinageuka kidogo na kifua kinabaki palepale kwa mwenzio. Uti wa mgongo unasokotwa kama kitambaa, kidogo tu. Katika tango msokoto huu ni mkubwa. Katika milonga ni mdogo, maana hakuna muda wa kuzungushana, na ndiyo sababu hatua nyingi za milonga ni za mbele na za ubavuni. Anayeleta mizunguko ya tango kwenye milonga ni sawa na anayeingiza lori kwenye uchochoro wa Mji Mkongwe. Litaingia. Kutoka je?

Halafu kuna swali ambalo walimu wengi hawaligusi: jozi yenyewe imeelekea wapi ukumbini? Vijana wetu walikuwa wameelekea watazamaji, wote wanane, kama wanapigwa picha ya harusi. Katika duara halisi, mwanamume akielekea moja kwa moja kule duara linakokwenda, hatua zake za ubavuni zinampeleka ukutani au katikati, hivyo anakatiza njia za watu. Lakini akijigeuza nusu kuelekea ukuta, pembe ya nyuzi 45 hivi, hatua ya kushoto inampeleka mbele pamoja na duara, na ule mlango ulioachwa wazi upande wa mikono unampa dirisha la kuona aliye mbele yake. Mwenzake anasogea kwa ubavu wa kulia bila kusukumwa kinyumenyume asikokuona. Pembe hiyo moja, isiyogharimu senti, inaondoa nusu ya migongano. Ila wapo walimu huku, tena wenye vyeti ukutani, ambao hatua ya kwanza kabisa wanayofundisha ni mwanamume kurudi nyuma. Kurudi nyuma! Katika duara linalokwenda mbele! Fundisheni hivyo kwenye barabara kuu tuone.

Sasa zile hesabu nilizoahidi. Milonga nyingi zinakwenda kama mapigo 100 kwa dakika, yaani pigo moja ni sekunde 0.6. Ndani yake kuna kile kinachoitwa traspie, tafsiri yake kujikwaa, ambapo unakanyaga mara mbili ndani ya pigo moja, kila kanyago sekunde 0.3. Chukulia mtu anataka kuupeleka mwili wake wote sentimita 40 na kuusimamisha ndani ya sekunde hizo 0.3. Mchapuko unaohitajika ni karibu mita 18 kwa sekunde kwa sekunde, karibu mara mbili ya mvutano wa dunia. Msuguano wa soli ya ngozi juu ya sakafu ya mbao mara nyingi haufiki nusu ya uzito wako. Maana yake, hata ukiwa na nguvu za ng'ombe, mwili hauwezi kwenda na kusimama zaidi ya sentimita 11 hivi. Ukilazimisha, utateleza, au utamfanya mwenzio awe ndiyo breki yako. Na ndicho nilichokiona jukwaani: mabinti wanne waliogeuzwa breki.

Anayejua anafanya nini? Mguu unatoka, unagusa, unapokea sehemu ndogo ya uzito, unarudi. Mwili umebaki karibu palepale. Kwa anayetazama inaonekana kasi kubwa, lakini kifua kimesogea kiasi cha vidole vitatu vinne. Hapa ndipo goti linapoingia kazini. Goti lililolegea ni shokapu ya gari: tetemeko la chini linaishia hapo, kifua hakijui kilichotokea. Kaza goti, kila hatua inakupandisha na kukushusha, na kwa kuwa umemkumbatia mtu, unampandisha na kumshusha naye, mara 100 kwa dakika, dakika mbili na nusu kwa wimbo, na nyimbo huja tatu mfululizo. Muulizeni mgongo wake kesho yake.

Na kiuno kile? Kiuno kinachozungushwa kwa makusudi kinakata mawasiliano. Anayefuata anasoma habari kifuani: kifua kikielemea mbele kidogo, anajua, kikibaki, anajua. Ukiingiza mzunguko wa kiuno katikati, habari inayofika ni makelele. Hapo anayeongoza, akiona hasomeki, anakimbilia mkono. Mkono wa kushoto ulionyooshwa ni wenzo. Ukiusukuma pale kiganjani, zaidi ya nusu mita kutoka kwenye mhimili wa mwili wa mwenzio, bega lake linageuka kwanza, nyonga zinachelewa, na kiungo kilicho katikati kinalipa tofauti. Hili si jambo la kinadharia. Mmoja wa wale mabinti wanne alitoka mazoezini na bega ambalo wiki tatu baadaye lilikuwa bado halinyanyui mfuko wa sokoni. Alipolalamika akaambiwa yeye mzito, hana mdundo. Mdundo anao. Alichokosa ni mtu mwenye kifua cha kusomeka mbele yake.

Nisionekane nawapiga vijana peke yao. Upande wa pili kuna walimu waliotoka kwenye dansi za mashindano, wanaofundisha milonga kama tango lililoharakishwa: mgongo umerudishwa nyuma kama upinde, kidevu juu, viwiko vimeinuliwa kama mtu aliyebeba sinia. Mkao huo unaweza kufaa katika ukumbi mpana wenye jozi sita na majaji. Katika duara lenye jozi arobaini, kiwiko kilichoinuliwa ni silaha. Tena mgongo ukirudi nyuma vifua vinaachana, na habari inabidi ipite mikononi, tunarudi kwenye ule wenzo. Kwa hiyo anayekaza na anayezungusha kiuno, japo wanachekana, wana ugonjwa mmoja, kifua kimeacha kazi yake.

Najua kuna wazee wenzangu wataniambia: wewe unazungumzia vifua vikabiliane, na adabu yetu je? Hilo ni swali la heshima na nalijibu kwa heshima. Asiyeridhika kumkumbatia asiye mwenziwe wa ndoa, na asimkumbatie, asicheze, hakuna aliyempungukia. Wapo mke na mume wanaocheza wao kwa wao tu usiku kucha, na duara linawapokea. Nisichokikubali ni ile njia ya katikati: mtu anajitenga urefu wa mkono mzima kwa ajili ya adabu, halafu kwa sababu hafikiki kwa kifua, anamburuta mwanamke kwa mkono mbele ya watu mia mbili. Kumbatio la milonga lililo sahihi lina utulivu kuliko foleni ya basi la asubuhi. Na kwa kuwa katika kumbi nyingi siku hizi wanawake pia wanaongoza, ningeshauri mabinti wetu wajifunze pande zote mbili. Watajua upesi sana nani anaongoza na nani anavuta.

Sasa kwa nini nakereka hivi kwa jambo la kucheza? Kwa sababu neno hili "damu" nimekutana nalo mahali pengine. Nilipokuwa mwanafunzi chuo kikuu huku ugenini, miaka ya 90, mhadhiri mmoja alikuwa akitusifu sisi watatu tuliotoka Afrika Mashariki kwamba tuna kipaji cha mikono, tumezaliwa mafundi. Tulifurahi kwa muda wa wiki mbili. Kisha tukagundua kwamba sifa hiyo ilikuwa na kazi: wenzetu walipewa masomo ya ziada ya hesabu za mitetemo, sisi tukapelekwa karakana kufunga nati. Aliyezaliwa fundi wa nini afundishwe? Tulikwenda wenyewe ofisini tukadai zile hesabu, na tulizipata, lakini si kwa kuombwa.

Ndivyo ilivyo katika kumbi za milonga. Nimeona wenyeji wakiwaalika vijana wetu wapige ngoma na kutikisika saa ya mapumziko, wakapigiwa makofi mengi, simu zote juu zinapiga picha. Mapumziko yakiisha, muziki wa kucheza ukirudi, vijana hao hao wanakaa ukutani na soda zao, maana hakuna mwanamke anayetaka kuhatarisha bega lake, na wao wameaminishwa kwamba kujifunza ni kujishusha. Wamesifiwa mpaka nje ya duara. Waswahili tunasema mcheza kwao hutunzwa, na ndugu yetu aliinukuu hiyo akaishangilia. Lakini mcheza kwao alifundishwa kwao. Hakuna unyago usio na kungwi, hakuna beni isiyo na mazoezi, na mpiga msondo anashika miaka kabla hajaachiwa mbele za watu. Nani alidanganya vijana hawa kwamba ngoma ya Kiafrika haina mwalimu?

Wapo watakaosema mhandisi anataka kuua furaha, milonga ni mchezo, ina utani ndani yake. Ni kweli ina utani, tena mwingi, kuliko tango, lakini utani huo unakaa kwenye mguu na kwenye muda: kuchelewesha kanyago kidogo, kumjibu mpiga gitaa, kumfanya mwenzio acheke bila mtu wa tatu kujua kilichomchekesha. Utani wa watu wawili. Kiuno cha jukwaani kinamchekesha kila mtu isipokuwa yule aliyekumbatiwa.

Nasikia sherehe ya mwakani vijana wameombwa warudie onyesho lile, safari hii mbele ya meya wa mji. Napendekeza kwa kamati kwamba kabla ya hapo jozi zote nne, pamoja na mwandishi wetu wa toleo lililopita, waje katika ukumbi wa jumuiya Jumanne jioni. Viatu viwe na soli ya ngozi, raba zinang'ang'ania sakafu na kuumiza magoti. Saa nzima ya kwanza hakuna muziki, ni kutembea. Kila jozi itapewa karatasi moja ya kawaida ya kuandikia, iwekwe katikati ya vifua viwili, mikono yote nyuma ya mgongo, wazunguke ukumbi mara tatu: mbele, ubavuni, na traspie mbili kila pembe. Wale ambao karatasi yao haitaanguka nitawanunulia biriani wote, na nitapiga vigelegele mwenyewe, nikiwa nimesimama juu ya kiti.